Kalamu Iliyotoka Ng'ambo

Mfamasia alikuwa na namna yake ya kuingia katika karakana ile. Angesimama kizingitini, agonge mwimo wa mlango kwa funguo zake, akohoe kikubwa kama mkaguzi aliyetumwa na serikali, kisha aulize kwa sauti nzito kama mwenye vumbi yupo. Naye Fundi, bila kuinua macho kutoka kwenye mashine, angemjibu kwamba mwenye vumbi yupo, ila leo hapokei wageni wenye mashati meupe. Hapo Mfamasia angecheka, avue koti lake la duka la dawa, alitundike msumarini, kisha aketi kwenye stuli ya dirishani na kumenya machungwa huku akimtazama mpenzi wake akikereza kalamu. Hivyo ndivyo walivyozoea kuyatumia mapumziko yao ya mchana, na wala hapakuwa na mtu wa kuwauliza.

Siku hiyo aligonga, akakohoa, akafungua kinywa. Kwenye stuli ile ya dirishani alikuwa ameketi mama yake mzazi.

Alikuwa ameketi wima, mkoba mapajani, leso safi imetandikwa chini yake ili gauni lisiguse vumbi. Watu wote waliomfahamu walimwita Matroni. Alikuwa amestaafu ukuu wa wauguzi zamani kidogo, lakini ukuu wenyewe ulikuwa haujamstaafu. Mpaka leo aliingia katika nyumba ya mtu akitazama kwanza pembe za sakafu, na akisalimiana na mgeni aliangalia kucha kabla ya kuangalia uso.

"Na wewe umefuata nini huku?" aliuliza, kwa furaha ya mama aliyemwona kitindamimba wake pasipo kutarajia.

Fundi alizima mashine. Kipande cha mti kilichokuwa kikizunguka kwa kasi kikapunguza mwendo, kikazunguka kivivu, kikasimama. Alipandisha miwani yake ya kazi juu ya paji la uso, na pale ilipokuwa pakabaki duara mbili safi katikati ya uso uliopakwa vumbi la mpingo. Kwa kawaida Mfamasia asingeweza kuutazama uso huo bila moyo wake kuruka. Leo moyo uliruka kweli, lakini ulitua vibaya.

Kabla hajapata la kujibu, mama yake alikwisha kuanza kueleza. Ile kalamu yake ilikuwa imekwama, haigeuki mbele wala nyuma. Mara ngapi amemwomba mwanawe airudishe kwa wenyewe, naye kila siku anasema kesho. Basi leo asubuhi muuza vifaa vya shule alimdokeza kwamba nyuma ya mtaa wa maseremala yupo fundi wa kalamu za mbao, akaona ajaribu bahati yake. Na ilikuwa vyema mwanawe ametokea, maana fundi ni binti mdogo, naye alikuwa na wasiwasi wa kumwachia kitu cha thamani.

"Mweleze mwenyewe, baba," alisema Matroni. "Mweleze kwamba hiyo si kalamu ya kuchezea."

Alifungua mkoba, akatoa kitambaa, akakikunjua. Kalamu ikaonekana: nyeusi, nyembamba kiunoni, imepakwa nta ikang'aa kama jicho la ng'ombe. Mfamasia aliitazama kama mtu anayetazama barua yake ya kuachishwa kazi.

Uongo ule aliusema siku moja, kwa pumzi moja, tena bila kuupanga. Mama yake aliiona kalamu mfukoni mwa shati lake, akaichomoa, akaipima mkononi, akasema hajapata kuona kitu kizuri namna hiyo, imetoka wapi? Hapo ndipo palipokuwa pa kusema: imetengenezwa na mwanamke ninayempenda. Sentensi hiyo aliifahamu, aliwahi hata kuifanyia mazoezi mbele ya kioo huku akinyoa ndevu. Lakini katika kufumba na kufumbua alimkumbuka kaka yake, aliyemleta mchumba nyumbani, na jinsi Matroni alivyomtazama yule binti mikono, akamuuliza maswali kwa upole wa kisu. Kaka yake alioa hata hivyo, akahamia mbali, na siku hizi husalimia kwa simu tu. Kwa hiyo Mfamasia alisema kalamu imetoka ng'ambo. Mama yake akafurahi, akaitia katika mkoba wake, akasema basi ni yangu. Na Fundi alipokuja kuuliza mbona haioni tena mfukoni, alijibiwa kwamba imehifadhiwa kabatini, wasije wakaiiba kazini.

Sasa Fundi aliipokea kwa vidole viwili. Hakuhitaji kuitazama sana. Aliitambua kama mtu atambuavyo kikohozi cha ndugu yake kutoka chumba cha pili.

"Mama amesema imetoka wapi?" aliuliza taratibu.

"Ng'ambo, binti. Mwanangu aliletewa na rafiki yake msafiri." Matroni akamgeukia mwanawe. "Ng'ambo wapi vile, baba? Uliniambia nikasahau."

Hakuwa amemwambia. Macho ya wanawake wawili yalimwelekea, ya mama yake yakiwa na fahari, ya Fundi yakiwa hayana kitu chochote, na hayo ndiyo aliyoyaogopa zaidi.

"Mbali," alisema. "Ni mbali kidogo, mama."

"Mbali kidogo," alirudia Fundi. "Maskini. Imetembea."

Akasogea nayo kwenye mwanga wa dirisha, akamwinamia Matroni ili naye aone, na kwa sauti ile ile ya adabu akamweleza kwamba kalamu ni nzuri, ila ina kosa. Matroni akacheka. Akasema huko ilikotoka watu hawakosei. Labda macho ya binti yamechoshwa na vumbi.

"Si macho, mama. Tazama mistari ya mti. Kalamu moja hutoka katika kipande kimoja cha mti. Hukatwa vipande viwili, nusu ya juu na nusu ya chini, na anayekata hutia alama ya penseli kwenye ncha ili nusu hizo zije zikutane kama zilivyozaliwa. Hapa nusu ya juu imegeuzwa, kichwa chini. Mistari inapanda vizuri, ikifika katikati inapotea njia."

Matroni alivaa miwani yake, akatazama. Kisha akauliza, kwa kuudhika kidogo, kwa nini basi huyo mtengenezaji asiitupe.

"Angeitupa," alisema Fundi. "Kalamu ya hivi haiuzwi. Nadhani alipenda kosa lenyewe. Nadhani siku hiyo palikuwa na mtu aliyekuwa akimchekesha."

Mfamasia alitazama vidole vya viatu vyake. Mtu huyo alikuwa yeye. Siku ile alikuwa amesimama mahali hapa hapa, amejifunga aproni ya ngozi isiyomtosha, akiigiza sauti ya mteja wa duka la dawa aliyetaka dawa ya kumfanya jirani aache kuimba. Fundi alikuwa akicheka hadi machozi, akamwambia avike vile vipande viwili kwenye ule ufito wa chuma wa mashine, na yeye akavivika bila kutazama alama. Walipokuja kugundua, mti ulikwisha kuchongwa, umesuguliwa, umeng'arishwa. Fundi aliziunganisha nusu zile hivyo hivyo, akasema zimepeana mgongo kama wanandoa waliogombana, akamtia kalamu mfukoni kwa mkono wake mwenyewe, na mkono ukakawia pale juu ya moyo. Ilikuwa siku ile walipokubaliana kuoana.

"Unaeleza kama ulikuwepo," alisema Matroni. Alikuwa mwepesi, hakuwaongoza wauguzi bure. Alimtazama binti, akamtazama mwanawe. "Kwani ninyi mnafahamiana?"

Swali lilining'inia katikati ya chumba. Nje mtu alipita akiburuta ubao barabarani. Fundi aliishika kalamu mbele ya kifua chake, akamwangalia Mfamasia, na uso wake ukalainika mara moja tu, kama mtu anayeufungua mlango na kuuacha wazi. Hakuwa anamtega. Alikuwa anamsubiri.

"Napitapita tu hapa, mama," alijibu Mfamasia. Aliisikia sauti yake ikitoka nyembamba na safi, ile anayoitumia kuwaambia wagonjwa kwamba dawa imekwisha. "Nilitaka kuagiza kalamu za dukani kwetu. Za wafanyakazi."

"Ni mteja," alisema Fundi.

Akaufunga mlango ule usoni mwake, kimya kimya, akageukia meza ya kazi.

Yaliyofuata Mfamasia aliyashuhudia akiwa amesimama kando ya koti alilolitundika msumarini kwa mazoea Matroni alipokuwa akifungua mkoba, jambo ambalo mama yake, kwa rehema, hakuliona. Fundi aliifungua kalamu kwa kuibana taratibu, akautoa mrija wa wino, akakipata kipande cha nta kilichoganda ndani na kuzuia isigeuke. Nta hiyo iliachwa na mikono iliyokuwa ikicheka, lakini hilo hakulisema. Alisafisha, akapuliza, akaunganisha. Alifanya hayo yote bila haraka, na kila kitu alikirudisha mahali pake. Mfamasia alitamani angalau kitu kimoja kimdondoke mkononi.

Matroni, aliyependa kazi inayofanywa kwa utaratibu, alianza kumpenda. Hilo lilionekana dhahiri, kwa sababu alianza kumhoji. Alimuuliza nani alimfundisha. Akaambiwa mjomba wake, ambaye macho yamemchosha sasa. Alimuuliza kama ana elimu. Akaambiwa ipo ya kutosha. Kisha akamshika mkono, akaugeuza chini juu kama alivyogeuza mikono ya wagonjwa maisha yake yote, akazitazama kucha zilizoingiwa na weusi wa mpingo usiotoka kwa sabuni.

"Binti mzuri hivi," alisema kwa huruma ya kweli. "Na mkono huu, nani atakubali kuushika?"

"Yupo aliyekuwa akiushika, mama."

"Alikuwa? Amekuacha?"

"Sijui bado. Nimemuuliza jambo, nangoja anijibu."

"Amekawia?"

"Amekawia kidogo."

Matroni alitikisa kichwa. Akaupigapiga mkono ule kama wa mwanawe. "Nisikilize mimi, niliyeona mengi. Mwanamume anayetafuta maneno wakati jibu ni ndiyo au siyo, huyo anatafuta mlango wa kutokea. Ningekuwa mama yake ningemtia adabu. Sivyo, baba?"

Mfamasia aliitikia kwamba ndivyo.

Kama kuna aibu inayoweza kumchemsha mtu akiwa hai, ndiyo ile. Ilianzia masikioni, ikashuka shingoni, ikamfika viganjani. Alitamani Fundi amtupie patasi. Fundi alimkabidhi Matroni kalamu yake, akakataa malipo kwa kusema kazi ilikuwa ndogo mno, akamsindikiza hadi mlangoni na kumshika kiwiko kwenye ngazi moja iliyovunjika. Mfamasia alipopita mbele yake, Fundi alimwambia, "Karibu tena, mteja," na hakumtazama.

Walitembea na mama yake mpaka kwenye kona yenye duka la vioo. Matroni alikuwa akimsifu fundi. Ana heshima, alisema, ana mikono mitulivu, angefaa sana chumba cha upasuaji. Ni hasara tu ile kazi ya vumbi. Sasa huyo mwanamume anayemzungusha binti kama huyo ni mtu wa namna gani? Katika vioo vya duka lile Mfamasia alijiona mara kadhaa kwa pamoja, mwenye shati jeupe, kola imekaa sawasawa. Akasimama.

"Ni mimi, mama."

"Ni wewe nini?"

"Huyo mwanamume. Ni mimi. Na kalamu haikutoka ng'ambo. Imetoka pale pale ulipokuwa umeketi. Aliitengeneza yeye, akanipa. Kosa lile ni la kwangu."

Matroni hakuonyesha mshangao. Alihamisha mkoba kutoka mkono huu kwenda mkono ule, akasimama akiangalia barabara. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini, na Mfamasia angependelea ya juu.

"Nimemshika mkono," alisema. "Nimemkagua kucha kama mgonjwa wa wodini, nikamuuliza nani atamtaka. Na wewe umesimama hapo."

"Ndiyo, mama."

"Nikakuuliza, ukaniitikia."

"Ndiyo."

"Uliona haya kwa ajili ya nani? Yeye, au mimi?"

Alijaribu kueleza. Alimtaja kaka yake, na ile siku ya mchumba, na jinsi kiti cha kaka kilivyobaki kitupu sebuleni. Alisema aliogopa kuwapoteza wote wawili. Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli, lakini yalipotoka nje yalikuwa madogo, kama vitu vya chumbani vinavyowekwa barabarani siku ya kuhama.

"Kaka yako alinikasirisha," alisema Matroni baada ya kumwacha amalize. "Alinijibu vibaya mbele ya wageni, akaniachia mlango ukipiga. Lakini yule mke wake hakumwita mteja." Akaubana mkoba kwapani. "Basi pale kwa yule binti umenionea haya mimi, na mbele yangu umemwonea haya yeye. Sisi sote wawili umetuweka kabatini. Mimi nilidhani nimelea mtu."

Mfamasia alimwomba warudi pamoja, amtambulishe sasa hivi, kama inavyopasa. Mama yake akakataa katakata. Alisema hatarudi kwenye stuli ile mpaka aalikwe na mwenye stuli. Alisema pia, kwa sababu hakuwa mtu wa kudanganya, kwamba asidhani amekwisha kubali; bado hapendi mkwe mwenye vumbi, na hilo watalizungumza nyumbani, siku nyingine, wakiwa wamekaa.

"Ila hilo ni langu na yeye," alisema. "Hili la leo ni lako. Sogea, niite teksi."

Alimfungulia mlango wa gari. Matroni alipokwisha kuketi alishusha kioo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mzee. "Nilisema ningemtia adabu," alisema. "Sina adabu ya kukutia. Umeshapita umri wa kutiwa adabu na mimi." Kisha gari likaondoka.

Mfamasia aliporudi karakanani mashine ilikuwa ikinguruma. Fundi alikuwa amempa mgongo, patasi imekaa juu ya kiegemeo, nyuzi ndefu za mti zikimwagika mikononi na kuangukia sakafuni. Mfamasia alimwita. Aliita tena. Alijua kwamba anasikia, na alijua pia kwamba mkerezaji hasimamishi mashine katikati ya mkato, kwa maana mti utabaki na kovu. Kwa hiyo alingoja. Hakuketi. Alisimama kando ya stuli na kutazama mabega yake, akafahamu kutokana na mabega hayo kwamba kule nyuma ya miwani alikuwa akilia, na kwamba mkono haukutikisika hata kidogo.

Mashine ilipozimwa, alimwambia yote kwa pamoja: kwamba amemweleza mama, papo hapo kwenye kona, kwamba mama anajua. Fundi alijifuta uso kwa mkono wa shati, vumbi na machozi vikachanganyika vikawa michirizi.

"Umemwambia nikiwa sipo," alisema.

"Nimemwambia mapema kadiri nilivyoweza."

"Ulivyoweza ilikuwa hapa. Nilikungojea. Ningeweza kusema mimi, kwa neno moja tu. Nikasema hapana, nitamwachia nafasi yake, ni mama yake, ni haki yake alitamke yeye." Alivua miwani, akaiweka mezani kwa uangalifu. "Unajua nimekwisha kudharauliwa na watu wengi kwa kazi hii. Wanakuja wakimtafuta fundi, wakiniona mimi wanauliza fundi yuko wapi. Hilo nimelizoea. Lakini wewe nilikuwa sijakuwekea ngao. Umenikuta mtupu."

Mfamasia alisema samahani, na neno lenyewe likaonekana kuchoka kabla halijafika. Akasema kwamba anaona aibu mpaka hajui aiweke wapi.

"Aibu yako isiwe mzigo wangu mimi," alisema Fundi. "Usinipe niishike. Nina yangu."

"Yako ya nini? Wewe umekosa nini?"

Fundi alitazama pembeni. Alipojibu, sauti yake ilikuwa imepoteza ule utulivu wote alioutumia mbele ya Matroni.

"Mama yangu," alisema. "Tangu siku ile tulipokubaliana, anaulizwa na majirani binti yako ataolewa na nani, naye anawajibu. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia kazi yako, nikamwambia unavyokohoa mlangoni, unavyomenya chungwa bila kukata ganda. Anakuiga, unajua? Kila siku anauliza unakuja lini, na mimi kila siku namwambia mtu wa watu yuko kazini, asimharakishe. Leo nimeketi hapa na mama yako nikafahamu kwamba nilikuwa namdanganya. Hukuwa kazini. Ulikuwa hutaki kuonekana."

Jambo hilo alikuwa halijui. Katika hofu yake yote hakuwahi kuwaza kwamba upande wa pili wa mji, katika nyumba asiyoifahamu, lilikuwepo jina lake likitajwa kwa fahari. Aliona jinsi alivyotajwa, siku kwa siku, mezani, dirishani, kwa jirani. Naye muda huo wote akiwa anamtaja mwenziwe kwa kunyamaza.

"Nipeleke," alisema.

"Wapi?"

"Kwa mama yako. Sasa."

Fundi alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyoutazama mti kabla ya kuamua kama unafaa. "Utamwambia nini? Kwamba umekuja kuposa?"

"Sina uso wa kuposa leo. Nitamwambia nilichofanya. Mbele yako. Kisha aamue kama nakaa au natoka."

"Na akikutoa?"

"Nitatoka."

"Na mimi nikikutoa?"

Swali hilo ndilo lililomwuma, kwa sababu halikuulizwa kwa hasira. Alijibu kwamba atatoka hivyo hivyo, ila angemwomba amtoe baada ya kusikia akiyasema. Fundi alivua aproni, akafunga dirisha, akafagia nyuzi za mti kutoka chini ya mashine kwa mivuto mirefu isiyo na haraka. Hakuosha mikono. Alifunga mlango, akatangulia.

Njia nzima Mfamasia alitembea hatua moja nyuma. Walipita maduka ya vyuma, wakakata uchochoro wenye nguo zilizoanikwa, wakafika kwenye nyumba ndogo yenye rangi ya buluu iliyofifia, ambamo cherehani ilisikika ikikimbia na kusimama. Fundi alimwacha apite mbele, akasimama nyuma yake. Mfamasia alipiga hodi. Alitaka kukohoa, kutokana na woga tu, akajizuia.

Cherehani ikanyamaza. Mlango ukafunguka, na mwanamke mfupi mwenye utepe wa kupimia shingoni akamtazama kuanzia viatu hadi kola, kisha akamwona binti yake nyuma ya bega la mgeni. Uso wote ukawaka.

"Ndiye huyu?" aliuliza. Hakungoja jibu. Aligeuka akaita ndani ya nyumba, kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya pili, "Kaka, njoo umwone. Jirani, na wewe njoo. Ndiye yule ninayewaambia, amekuja kwa miguu yake." Kisha akamshika Mfamasia kwa mikono yote miwili, bila kumtazama kucha, akamvuta. "Pita, mwanangu, pita. Hapa kwetu unafahamika, hakuna wa kukuuliza wewe nani. Nimesikia mema yako mpaka nikadhani yanatiwa chumvi."

Kutoka ndani ilisikika fimbo ya mjomba ikigonga sakafu, ikija. Mlango wa jirani nao ukafunguliwa.

"Mama," alisema Mfamasia. "Kabla hujanipa kiti, nina neno. Na baada ya neno hilo huenda usinipe."

Tabasamu la yule mama halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni likingoja, kwa wema, lisijue litakachoambiwa. Mikono yake ilikuwa bado imemshika. Nyuma yake alimsikia Fundi akivuta pumzi na kuizuia. Mfamasia akainamisha kichwa kuingia, ingawa mlango ulikuwa mrefu kumzidi, akaanza kusema.